Bale Tuliyoiona Kampala, na Ile Aliyoicheza Mama

Kwetu Kivu ukisema "bale" kila mtu anaelewa: ni kikundi cha ngoma za asili. Wasichana wamefunga vitenge vya aina moja, vijana wamefunga majani kiunoni, wapiga ngoma wako nyuma. Hapa Nakivale pia tunayo bale yetu, na wengi wenu mmeiona. Ndiyo ile inayocheza tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani, na ndiyo inayoitwa haraka haraka kila magari meupe yakileta wageni.

Kwa hiyo rafiki yangu fundi cherehani aliponipigia simu kutoka Kampala na kusema, "Njoo Jumamosi, kuna bale pale National Theatre," nilijua ninakwenda kuona nini. Kumbe sikujua. Ninaandika haya kwa sababu kile nilichokiona kilinifungulia jambo la mama yangu ambalo nimeishi nalo tangu utoto bila kulielewa.

Tulikuwa watatu: mimi, fundi, na ndugu yetu mmoja Mrundi ambaye kwao alikuwa mpiga ngoma. Jumba lile ni la mwaka 1959, miaka mitatu kabla ya Uganda kupata uhuru. Tulikaa nyuma kabisa, kwenye viti vya bei ndogo. Taa zikazimwa. Tukangoja ngoma.

Ngoma haikulia. Akatokea kijana mmoja amevaa suruali ya kawaida na kandambili, mkononi ana jerikani la njano, hili hili letu la maji. Akalitua. Akasimama. Alisimama muda mrefu mpaka watu wakaanza kukohoa. Halafu bega lake moja likaanza kutetemeka, kisha mkono, kisha mwili mzima, akaanguka, akainuka, akaanguka tena. Wenzake wanne wakaja mmoja mmoja. Hakuna aliyetabasamu. Kulikuwa na sauti ya pumzi zao tu, na nyayo zikipiga mbao. Mwishoni yule wa kwanza akachukua jerikani lake akaondoka, na sisi hatukujua kama tupige makofi au vipi.

Nje, kwenye ngazi, fundi aliuliza swali ambalo sote tulikuwa nalo: "Sasa hii ni bale gani?"

Nimelitafuta jibu lake tangu siku ile, nikisoma kwa simu usiku mtandao unapokubali. Hiki ndicho nilichokipata.

Bale ya Wazungu ilikulia ikulu. Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa alikuwa mchezaji mwenyewe, na mwaka 1661 alianzisha chuo cha kifalme cha kucheza mjini Paris. Waliocheza walicheza mbele ya mfalme, na kila mmoja alijua nafasi yake mbele ya mfalme ni ipi. Kwa hiyo tangu mwanzo kabisa neno hili lina swali ndani yake: unacheza mbele ya nani, na nani amekuita?

Sisi Wakongomani tuliingia katika hadithi hiyo kwa mlango mbaya. Mwaka 1897 watu 267 walitolewa Kongo wakapelekwa Tervuren, Ubelgiji, wakawekwa katika vijiji vya maonyesho ili watazamwe. Saba walikufa huko. Mwaka 1958, kwenye maonyesho makubwa ya Brussels, kijiji kama hicho kilijengwa tena. Watazamaji wengine waliwatupia watu wetu ndizi kama vile wako katika bustani ya wanyama, nao Wakongomani wakachoka, wakarudi nyumbani kabla maonyesho hayajaisha. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1923, ilichezwa Paris bale iitwayo La Création du monde, juu ya uumbaji wa ulimwengu kwa hadithi za Kiafrika. Muziki ulikuwa wa Darius Milhaud, mapambo ya Fernand Léger. Ilisifiwa kuwa bale ya Kiafrika. Waliocheza walikuwa Wazungu ndani ya vinyago.

Mwafrika aliyelichukua neno hilo na kulifanya letu ni Fodéba Keïta wa Guinea. Aliunda kikundi chake huko Paris kabla ya uhuru, Les Ballets Africains, na baada ya Guinea kujitawala mwaka 1958 kikawa kikundi cha taifa. Nchi nyingine nyingi zikafuata mfano huo. Ndiyo maana hata sisi tunaita ngoma zetu bale. Lilikuwa neno la fahari. Lakini Keïta mwenyewe, aliyekuwa pia waziri, alifia gerezani mwaka 1969 chini ya serikali ile ile aliyoitumikia.

Hapo ndipo niliposimama kusoma, kwa sababu nilimkumbuka mama.

Mama yangu hachezi. Harusini anakaa. Kanisani wengine wakiinuka na kupunga vitambaa, yeye anapiga makofi tu. Na bale ya kambi ikianza kucheza mbele ya wageni, yeye huingia ndani na kufunga mlango. Tukiwa watoto tulidhani ni maumivu ya miguu. Niliporudi kutoka Kampala nikamweleza juu ya wale vijana watano na jerikani lao. Alinisikiliza akichambua maharage. Halafu akaniambia, "Mimi pia nilichezaka. Hukujua?"

Alikuwa mwanafunzi Bukavu katikati ya miaka ya 1970. Nchi ilikuwa inaitwa Zaire tangu mwaka 1971. Mobutu alikuwa amerudi kutoka safari zake za China na Korea Kaskazini, ambako aliona viwanja vimejaa watu wanaocheza kama mtu mmoja, naye akataka hivyo hivyo. Wakaita animasio. Shule, viwanda na ofisi vikaunda vikundi vya kuimba na kucheza sifa za Rais na chama chake, MPR. Wachezaji walivaa vitenge vyenye picha ya uso wake. Kulikuwa na msemo wake kwamba taifa linaloimba na kucheza ni taifa lenye furaha.

"Balikuwa banatuita asubuhi mapema," mama alisema. "Ukikosa, jina inaandikwa. Ile haikukuwa kucheza, mwanangu. Ilikuwa salongo." Wasiojua, salongo ilikuwa kazi ya umma ya lazima.

Kisha akanieleza siku ambayo hakuwahi kunieleza. Mdogo wake alifariki usiku, mtoto wa miaka miwili, kwa surua. Asubuhi mkubwa mmoja wa chama alikuwa anafika kutoka Kinshasa. Mama aliomba ruhusa, akanyimwa. Mtoto alizikwa yeye akiwa uwanjani, mstari wa mbele, anatingisha kiuno na kutabasamu kwa sababu mwalimu alikuwa anapita anakagua meno. "Wakisema watu wa Zaire balikuwa na furaha," alisema, "basi ni meno yangu baliona."

Sikuwa na la kusema. Nilichambua maharage pamoja naye.

Ndugu yetu Mrundi nilipompigia simu kumweleza, alinyamaza kidogo, akasema kwao pia ni hivyo. Ngoma ya Burundi iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2014, watu wakashangilia. Oktoba 2017 ikatoka amri ya rais: wanawake wasipige ngoma ile, na vikundi visipige nje ya sherehe rasmi bila kibali cha wizara. "Ngoma ni yetu," alisema, "lakini funguo ya chumba chake iko kwa mwingine."

Sasa nirudi kwa lile swali la fundi kwenye ngazi. Ile tuliyoiona ni bale ya watu waliokataa kuitwa. Katika Afrika ina wazee wake. Germaine Acogny aliongoza shule ya Mudra Afrique huko Dakar tangu mwaka 1977, akafundisha kwamba mwili wa Mwafrika unaweza kucheza mambo ya leo bila kuacha asili yake. Na kwetu yuko Faustin Linyekula, aliyezaliwa mwaka 1974 Ubundu, si mbali na Kisangani. Naye alitoka nchini akiwa kijana. Nairobi, mwaka 1997, alianzisha kikundi cha Gàara pamoja na Opiyo Okach na Afrah Tenambergen. Mwaka 2001 akarudi Kinshasa akafungua Studios Kabako, baadaye akaihamishia Kisangani, mji uliopigwa mabomu na majeshi ya nchi mbili za kigeni. Kazi zake hazifichi magofu hayo. Mwaka 2012, pamoja na Ballet de Lorraine ya Ufaransa, aliileta tena jukwaani ile bale ya 1923, pamoja na jibu lake mwenyewe. Mkongomani ndiye aliyekuwa anauliza maswali safari hii.

Nimeandika historia ndefu ili nifike kwenye jambo fupi, na hapa ninazungumza na ninyi mnaokuja na magari meupe, maana najua mnasoma gazeti letu na wengi wenu mna moyo mzuri.

Mwaka jana vijana wa bale yetu waliitwa saa tatu asubuhi kwa wageni waliofika saa nane. Walikaa juani na mavazi yao. Walicheza dakika kumi, picha zikapigwa, magari yakaondoka. Soda zilizoahidiwa hazikufika. Msichana mmoja aliyecheza siku hiyo alikuwa ametoka kupokea habari za kaka yake aliyebaki Masisi. Hakuna aliyemuuliza chochote, na picha yake anatabasamu. Sisemi waliomwita ni kama Mobutu. Hakuna aliyeandika jina lake wala kumtishia. Lakini angekataa, angeogopa kwamba kikundi hakitaitwa tena, na sisi hapa tunajua woga huo una uzito gani. Sisi wenyewe wazazi tulikuwa tunawasukuma: nendeni, wageni wasije wakakasirika.

Tulikaa na vijana wiki mbili zilizopita. Waliamua mambo matatu. Waambiwe mapema nani anakuja na saa ngapi. Asiyetaka kucheza asiulizwe sababu. Na baada ya ngoma wageni wakae nusu saa wazungumze. Afisa mmoja tuliyempelekea alisema atajaribu. Tumelipokea neno lake, tutaona.

Vijana wameanza pia kufanya mazoezi ya kitu kingine, jioni, nyuma ya shule. Hakina jina bado. Kuna sehemu wanasimama tu kwenye foleni bila ngoma, wanasogea hatua moja, wanasimama tena. Juzi nilimwona mama amebeba kiti chake mpaka pale. Alitazama kwa muda. Halafu akaniuliza, "Nani amewaambia waanze?"

Nikamwambia hakuna, wameanza wenyewe.

"Na wakichoka?"

Nikamwambia wakichoka wanaacha.

Akabaki amekaa mpaka giza.