Nairobi hadi London: kilomita ni zile zile, je, masaa?

Nimekuwa kimya kwa sababu ya msiba. Baba mdogo alituacha, na mwanawe anaishi London. Wazee wakanigeukia: "Wewe mtu wa kompyuta, hebu tuambie kijana atafika lini, tupange mazishi."

Nikafungua kiprogramu nilichoandika mwenyewe, nikaingiza latitudo na longitudo za miji hiyo miwili. Jibu: takriban kilomita 6,800 kwa njia fupi kabisa juu ya mviringo wa dunia. Nikagawanya kwa 900, mwendo wa ndege kwa saa. Saa saba na nusu! Nikawaambia kesho asubuhi.

Alifika baada ya siku mbili. Aibu hiyo ndiyo iliyonipeleka kwenye historia.

Tarehe 28 Februari 1931, kampuni ya Imperial Airways ilifungua njia ya barua kutoka London hadi Mwanza, kupitia Kisumu. Ndege za wakati huo zilikwenda kama kilomita 150 kwa saa. Kiprogramu changu kingesema safari ni chini ya saa 50. Kumbe ilichukua takriban siku kumi! Siku nyingine zote zilikwenda wapi? Usiku ndege zililala. Mchana zilitua mara kwa mara kuongeza mafuta, Khartoum ikiwa kituo kimojawapo. Tena kuna sehemu za Ulaya na Misri ambako barua zilishushwa na kupakiwa kwenye treni.

Sasa tusogee hadi 1952. Binti wa mfalme wa Uingereza, Elizabeth, alikuwa upande wa Nyeri babake, George VI, alipofariki tarehe 6 Februari. Habari zilimfikia siku hiyo hiyo. Yeye mwenyewe alipanda ndege Nanyuki hadi Entebbe, dhoruba ikamchelewesha hapo, akatua London alasiri ya tarehe 7. Ndege ilikuwa yake peke yake, na bado hesabu ya kilomita haikumtosha.

Siku hizi safari ya moja kwa moja huchukua saa nane na nusu au tisa hivi. Lakini vita vilipoanza Sudan mnamo Aprili 2023, anga ya nchi hiyo ilifungwa na ndege zikalazimika kuzunguka. Khartoum ile ile iliyokuwa kituo 1931 ikawa kizuizi.

Nimekirekebisha kiprogramu. Sasa, kabla ya kutoa masaa, kinauliza: nafasi imepatikana? Inaondoka saa ngapi? Inatua wapi njiani? Wazee walijua kuuliza hivyo zamani. Walitaka kujua kijana atakuwa nyumbani lini, mimi nikawajibu ndege inakwenda kasi gani.

Tulimsubiri, na udongo alitia mwenyewe.

Haya, tuonane wiki ijayo.