Kifafa na tizi: hofu ilikataa kuskia

Msee akiwa na kifafa mtaani, anaambiwa ni mapepo, alafu anaambiwa asiguse vyuma. Hizo stori ni za zamani sana.

Miaka kama 2,400 iliyopita, maandishi ya Wagiriki wa enzi ya Hippocrates yalisema wazi: ugonjwa huu unatoka kwa ubongo, si kwa miungu. Mwaka wa 1924, daktari Mjerumani Hans Berger alirekodi umeme wa ubongo wa binadamu. Kufikia 1935, watafiti Marekani walikuwa wanauona ukiruka vibaya mtu akishikwa. Ushahidi ulikuwa kwa karatasi, mapepo hayakuwa.

Hofu haikuskia. Mwaka wa 1968, chama cha madaktari Marekani kilishauri wenye kifafa wasicheze michezo ya kugongana. Mwaka wa 1974 kikalegeza. Mwaka wa 2016, wataalamu wa kifafa wa kimataifa waligawa michezo makundi 3 kulingana na hatari. Vyuma viko kundi la katikati, juu chuma kinaweza kukuangukia ukishikwa.

Kwa hivyo usikatazwe tizi kiholela. Meza dawa, ongea na daktari, na usiwahi kulala chini ya chuma ukiwa pekee yako.