Kadi za picha za waigizaji

Picha za studio za wasanii wa jukwaani, zilizobandikwa kwenye kadi ngumu na kuuzwa kwa mashabiki, hasa Ulaya na Marekani katika karne ya 19. Saizi ndogo, takriban sentimita 6 kwa 10, mpigapicha Mfaransa Disdéri aliipatia hataza Paris mwaka 1854. Saizi kubwa zaidi ilishika soko kuanzia miaka ya 1870. Waigizaji Ellen Terry na Sarah Bernhardt walipigwa picha wakiwa na mavazi ya mchezo. Huko Zanzibar, studio ya A. C. Gomes, Mgoa, ilijulikana zaidi kwa picha za masultani na za mji kuliko za waigizaji. Mkusanyaji makini hugeuza kadi kwanza: chapa ya studio iliyo nyuma husaidia zaidi kukadiria umri wa kadi kuliko sura ya msanii.