Kongobololo, Kwinini na Njaa: Historia ya Uchungu Tumboni

Mada hii ilikataliwa mara ya kwanza. Mhadhiri wangu aliniuliza, kwa haki kabisa, vipokezi vya ladha vinahusiana vipi na historia. Hayo si mambo ya wanafunzi wa utabibu? Nilimjibu kwamba swali langu halikutoka maabara. Lilitoka jikoni kwa bibi yangu, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Akaniruhusu, kwa sharti moja: nisimletee hekaya kwamba wazee walijua kila kitu kabla ya sayansi.

Nakivale iko wilaya ya Isingiro, zaidi ya kilomita 50 kutoka Mbarara mjini ninakosoma. Makazi haya yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda na yakatambuliwa rasmi mwaka 1960. Leo wengi wetu tumetoka Kongo, na Kiswahili ndicho kinachotuunganisha sokoni. Lakini kuna kichaka kimoja ambacho kila jamii ilifika hapa ikiwa inakijua tayari. Wanyankole hukiita omubirizi, Warundi na Wanyarwanda umubirizi, Waganda mululuza. Sisi tunasema kongobololo. Wanasayansi wanakiita Vernonia amygdalina. Majani yake hupondwa ndani ya maji mpaka maji yatoe povu la kijani, kisha huchujwa na kunywewa kwa mkupuo mmoja, kwa sababu ukisita hutamaliza. Uchungu wake hukaa kooni hadi unapolala.

Mwaka 2020 mgao wa chakula kwa wakimbizi nchini Uganda ulipunguzwa kwa asilimia 30, na mwaka uliofuata ukashuka hadi asilimia 60 ya kiwango kamili. Ni katika miezi hiyo bibi, ambaye nyumbani tunamwita koko, alianza kutupa kongobololo kila jioni kabla ya ugali. Nilidhani ni dawa ya minyoo.

Dhana hiyo haikuwa ya ajabu. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, mkabala na nchi tuliyotoka sisi, ziko safu za milima ya Mahale nchini Tanzania. Huko, Novemba 1987, mtafiti Michael Huffman na mganga wa Kitongwe Mohamedi Seifu Kalunde walimfuatilia sokwe jike mgonjwa. Sokwe huyo alivunja tawi la mmea huu huu, akamenya gome, akafyonza maji machungu ya moyo wa tawi, na kesho yake alionekana amepata nafuu. Watongwe wanautumia mmea huo, wanaouita mjonso, kwa maradhi ya tumbo. Walipochapisha habari hiyo mwaka 1989, jina la Kalunde liliandikwa pamoja na la Huffman. Nalitaja kwa makusudi: katika historia hii ni nadra sana mtu mwenye ujuzi wa mmea kuwa pia mwandishi wa makala.

Sasa turudi kwenye ulimi, kwa maana ndiko sayansi ilikoanzia. Lugha yetu yenyewe inatumia neno moja, uchungu, kwa ladha ya shubiri, kwa maumivu ya mama anayejifungua na kwa huzuni ya moyo. Akina mama waliopaka shubiri kwenye ziwa ili kumwachisha mtoto walijua vizuri kazi ya ladha hiyo: kukataza. Sayansi nayo iliishia hapo kwa muda mrefu. Mwaka 1931 mkemia Arthur Fox wa kampuni ya DuPont, Marekani, alikuwa akimimina unga fulani ukatimka hewani. Mwenzake akalalamika kwamba ni mchungu mno. Fox mwenyewe hakuonja chochote. Kumbe watu hawarithi ulimi ule ule. Vipokezi vyenyewe vilitambuliwa mwaka 2000, na binadamu ana aina zipatazo 25. Maelezo yaliyotolewa yalikuwa yale yale ya shubiri: mimea mingi yenye sumu ni michungu, hivyo ulimi ni mlinzi mlangoni.

Lakini mlinzi wa mlangoni ana kazi gani chumbani? Mwaka 2002 kundi la Enrique Rozengurt huko Los Angeles lilikuta vipokezi hivyo hivyo tumboni na utumbo mwa panya, mahali ambapo hakuna mtu anayeonja kitu. Baadaye vilionekana kwa binadamu pia. Kwangu mimi mwanafunzi wa historia, jambo la kuvutia ni kwamba njia ilikwishafunguliwa karne moja nyuma yake. Mwaka 1902, jijini London, William Bayliss na Ernest Starling walikata neva zote za kipande cha utumbo wa mbwa, wakatia tindikali, na kongosho likatoa maji yake vile vile. Ivan Pavlov alikuwa ameifundisha dunia kwamba neva ndizo zinazoamrisha. Hapa hapakuwa na neva. Ujumbe ulisafiri katika damu. Mwaka 1905 Starling akaupa ujumbe wa namna hiyo jina la homoni. Kwa hiyo ilijulikana mapema kwamba utumbo unasema. Ilichukua miaka mia kugundua kwamba pia unaonja.

Utendaji wake, kwa kadiri nilivyouelewa, ni huu. Kitu kichungu kinagusa kipokezi kilicho juu ya seli fulani za ukuta wa utumbo. Ndani ya seli kalisi inapanda. Seli inamwaga homoni kwenye damu. Baadhi ya homoni hizo hupunguza kasi ya tumbo kujimwaga na kuuambia ubongo kwamba umeshiba. Nyingine, iitwayo grelini, hufanya kinyume: huita njaa, na ikishuka njaa hunyamaza.

Kitu kichungu kilichochunguzwa sana ni kwinini, na hapo historia inarudi kwetu. Wabelgiji walipanda mikwinini katika nyanda za juu za Kivu, na mwaka 1942, Wajapani walipoiteka Java iliyokuwa ikitoa karibu kwinini yote ya dunia, miti hiyo ikawa mali ya vita. Hata leo Bukavu inajulikana kwa kwinini. Kila mtoto wa Nakivale wa rika langu anaikumbuka ladha yake. Madaktari nao walikwishaona kwamba inalichochea kongosho kutoa insulini, kwa njia tofauti na hii ya utumbo, hata sukari ikashuka kwa hatari. Ndiyo maana dripu ya kwinini ilichanganywa na glukosi.

Kisha nikasoma utafiti wa Leuven, Ubelgiji, uliochapishwa mwaka 2019. Wanawake wenye afya njema walitiwa kwinini moja kwa moja tumboni kwa mrija, ulimi usijue lolote. Grelini ilishuka. Njaa ilipungua, na walipopewa maziwa matamu wanywe watakavyo, walikunywa kidogo kuliko siku waliyotiwa maji ya kawaida. Lengo la tafiti za namna hii ni kuwasaidia watu wanaokula kupita kiasi.

Nilipanda taksi kwenda Nakivale nikiwa na karatasi hiyo, na nakiri nilikuwa tayari kuvunja sharti la mhadhiri. Nilitaka koko aniambie kwamba alijua. Nilimsomea kwa kutafsiri, naye akisikiliza huku akichambua maharage. Aliuliza swali moja tu.

"Hao wamama, walikula nyuma ya pale?"

Nikamwambia ndiyo, walipewa maziwa matamu. Akatikisa kichwa, akaendelea na maharage. Baada ya muda akaanza kunieleza habari za Oktoba 1996, vita vilipofika Uvira, nao wakakimbilia milimani upande wa Fizi. Chakula kilikwisha. Kongobololo ilikuwepo kandokando ya njia, na wanawake waliwapa watoto maji yake jioni ili walale bila kulia, kwa kuwa kilio cha mtoto kiliweza kuwaua wote. Nilimuuliza kama ilikata njaa.

"Inanyamazisha tu."

Utafiti wa Leuven ni wa kwinini, kwa watu wazima wenye afya njema, na siwezi kuubebesha ushahidi wa milima ya Fizi. Lakini nilielewa kwa nini tangu mwaka 2021 koko alikuwa akitukabidhi kikombe bila kututazama usoni, na kwa nini mgao ulipotulia kidogo aliacha kabisa kuipika. Alijua ilifanya nini. Hakuwahi kuiita dawa. Mimi ndiye niliyeiita hivyo.

Alinieleza pia habari za mtoto mmoja ambaye hakuamka asubuhi, na za mama yake aliyedhani ni maji yale yaliyomuua. Koko anaamini ni njaa. Jina la mama huyo aliniomba nisiliandike, na sikuliandika hata daftarini.