Sindano Katika Nchi ya Ugeni

 Katika kitabu cha kumbukumbu huandikwa habari za misikiti, madrasa na masheikh waliotutangulia. Nami naona si haki kuisahau kazi moja ifanywayo mkekani bila ya kelele, nayo ni kazi ya sindano.

Wako wanaoidhania kuwa ni upuuzi wa kupoteza wakati. Hao wamekosea. Imepokewa katika visa vya Mitume kwamba Nabii Idris, amani iwe juu yake, ndiye wa kwanza kushona nguo. Na Bi Aisha, Mwenyezi Mungu amwie radhi, alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kuwa alikuwa akishona nguo zake na kutengeneza viatu vyake kwa mkono wake mwenyewe.

Huko pwani, katika Lamu, Unguja na Pemba, kazi hii imefikia upeo wake katika kofia. Kofia ya mkono hukatwa vipande viwili, kifuniko cha juu na ukanda wa kuzunguka kichwa, vyote vya nguo nyeupe iliyokunjwa maradufu. Mshonaji huchora nakshi kwa penseli, kisha hutoboa vitundu na kuvizungushia uzi kimoja kimoja, na baina yake hujaza mishono iliyobanana. Kofia njema huchukua wiki nyingi, pengine miezi. Humo ndimo ilimo siri yake. Mwenye kushona nakshi hana budi kuhesabu, na mwenye kuhesabu hapati nafasi ya kuwaza papo hapo deni lake, maiti wake na safari iliyo mbele yake. Mkono ukienda polepole, pumzi nayo hufuata. Wanawake wengi waliokaa ndani waliipenda kazi hii kwa chumo na kwa faraja pamoja. Kofia ilipokwisha, mtoto alitumwa kuipeleka dukani.

Katika nchi hii ya Malawi mavazi hayo yaliletwa na misafara. Katika miaka ya 1840 Salim bin Abdallah, mfanyabiashara wa pwani, alifika Nkhotakota kando ya Ziwa Nyasa, akatawala kwa jina la Jumbe, na pamoja naye ukaja Uislamu, kanzu na kofia. Lakini tuseme kweli: nguo zilezile za merikani ndizo zilizonunulia pembe na watumwa, na watu walivushwa ziwa wakapelekwa Kilwa katika minyororo. Jumbe wa mwisho aliondolewa na Waingereza mwaka 1894, akapelekwa Unguja.

Misafara ya namna hiyo ilifika pia Ujiji na Kasongo, na baadaye Waswahili wakakaa Buyenzi katika mji wa Bujumbura. Wakongo na Warundi wasemao Kiswahili wamo leo Dzaleka, wilaya ya Dowa, mwendo wa kilomita 50 hivi kutoka Lilongwe. Mahali hapo palikuwa gereza zama za Dkt. Hastings Kamuzu Banda, na yasemwa kuwa jina lenyewe latokana na neno la Kichewa la kuacha, yaani mfungwa ataacha makosa yake. Mwaka 1994 pakafanywa kambi ya wakimbizi, kwa watu 10,000 au 12,000 hivi. Sasa wamepindukia 50,000.

Aliyekimbia usiku hakubeba kabati. Lakini mkono haukusahau. Mwanamke aliyejifunza kwa mama yake kudarizi shuka na vitambaa vya meza huanza tena kwa sindano moja, na mabaki ya chitenje kutoka kwa fundi cherehani huunganishwa yakawa blanketi la viraka. Si jambo geni duniani. Mwaka 1918 huko London, kwa juhudi za mwigizaji Ernest Thesiger, askari waliopata vilema vitani walipewa kazi ya kudarizi, wanaume watupu, wala hawakuona aibu.

Hata hivyo tusiipambe kupita kiasi. Aliyeugua moyo kwa aliyoyaona apelekwe kwa tabibu, wala asiambiwe kuwa uzi utamtosha. Na mawazo mengine hayatokani na yaliyopita. Malawi ilipokubali mwaka 1987 Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, iliweka masharti juu ya kazi na uhuru wa kwenda. Na mwaka 2023 wakimbizi waliokuwa na maduka mijini, Lilongwe ikiwamo, waliamriwa kurudi kambini. Mshonaji akitaka kutoka Dzaleka kwenda kuuza, sharti apate ruhusa. Asiyeipata humkabidhi mwingine shuka yake, kama bibi wa Lamu alivyomkabidhi mtoto kofia, naye hubaki mkekani akingoja fedha, na kipande kingine cha nguo kimekwisha kukatwa.