Juma Moja la Chekechea

Historia ya elimu katika wilaya zetu za Tarime na Serengeti husimuliwa kuanzia darasa la kwanza. Tunataja misheni, shule za kati na vyuo, lakini mtoto wa miaka mitano hatumtaji. Kasoro hiyo si ndogo, kwa maana samaki mkunje angali mbichi.

Shule ya kwanza ya mtoto wa Kikuria, Kingoreme, Kinata au Kiikoma ilikuwa kwa bibi yake, jioni, penye hadithi na vitendawili. Ya pili ilikuwa machungani, alikokabidhiwa ndama kabla hajaaminiwa ng'ombe. Friedrich Fröbel alipofungua shule yake ya watoto wadogo huko Ujerumani mwaka 1837, na Maria Montessori yake mjini Roma mwaka 1907, walitetea jambo ambalo bibi zetu hawakuwa na shaka nalo: mtoto hujifunza kwa mikono na kwa mchezo.

Mwaka 1974 mambo mawili yalikutana mkoani Mara. Operesheni Mara ilihamishia watu vijijini, na Azimio la Musoma likataka kila mtoto apate elimu ya msingi. Kaya zilizokuwa mbalimbali sasa zilikaa pamoja, na mama aliyekwenda shambani alihitaji mahali pa kumwacha mtoto. Vituo vya kulelea watoto vilihimizwa nchini, na Sheria ya mwaka 1981 ikaviwekea utaratibu. Lakini vilihesabiwa kuwa kazi ya malezi. Ni Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 iliyoitambua elimu ya awali kuwa sehemu ya mfumo rasmi.

Nilipokuwa chuo cha ualimu niliwafuata wanachuo katika mazoezi ya kufundisha, na juma lililopangwa vizuri katika darasa la watoto wadogo lilikuwa hivi. Jumatatu ilikuwa ya salamu na majina, kwani wengi waliingia hawajui Kiswahili, na mwalimu mwenye busara alianza na lugha ya nyumbani. Jumanne walihesabu kwa mbegu za maharage, vizibo vya soda na magunzi ya mahindi. Jumatano walifinyanga ng'ombe kwa udongo wa kichuguu. Hapo mtoto wa mfugaji, anayewatambua ng'ombe kwa rangi na pembe, akawa mwalimu wa wenzake. Alhamisi walitoka nje kukusanya majani na kuyapanga makubwa kwa madogo. Ijumaa ilikuwa ya ngoma, hadithi na kusafisha darasa. Mtoto alishika kalamu baada ya vidole vyake kuzoea udongo.

Hapakuwa na kifaa cha kununua katika juma hilo. Kilichohitajika ni mwalimu aliyejiandaa, na nafasi ya kumwona kila mtoto.

Nafasi hiyo ndiyo iliyo hatarini. Sera ya mwaka 2014 iliifanya elimu ya awali kuwa ya lazima kwa mwaka mmoja, na kufutwa kwa ada na michango kuanzia mwaka 2016 kulileta watoto wengi shuleni. Ni hatua ya haki, na mzazi maskini wa Mugumu au Sirari anaijua thamani yake. Lakini mwongozo husema watoto 25 kwa mwalimu mmoja, na katika madarasa mengi hesabu hiyo imepitwa mbali. Mwalimu aliyezidiwa hana la kufanya ila kuimbisha: a, e, i, o, u, asubuhi nzima. Mtoto huimba na wenzake, lakini ukimwonyesha herufi peke yake hunyamaza.

Tulipigania miaka mingi mtoto mdogo apewe chumba shuleni. Sasa chumba anacho. Tusidhani kazi imekwisha mpaka arudishiwe na udongo wake, mbegu zake, na mwalimu anayelijua jina lake.