Harusi Kisiwani, Waya Baharini

Mwaka jana nilialikwa harusini katika kisiwa kimoja kidogo cha wilaya ya Mafia, ambako hufiki ila kwa mashua kutoka Kilindoni. Bibi harusi aliwahi kuwa mwanafunzi wangu. Baba yake anafanya kazi Muscat na hakupata ruhusa ya kuja, basi akampa wakala mdogo wake amwozeshe binti, kama dini inavyoruhusu. Baada ya hapo aliomba jambo moja tu: aione ndoa ikifungwa.

Ombi hilo lilionekana dogo. Leo kila mtu ana simu mkononi, na harusi za Dar es Salaam hurushwa mubashara hadi wageni wakachoka kuzitazama. Lakini siku mbili nilizokaa kisiwani zilinirudisha kwenye historia ambayo huwa naifundisha darasani bila kuisikia maumivu yake.

Mwaka 1879, zama za Sayyid Barghash, kampuni ya Kiingereza ya Eastern and South African Telegraph ilitandaza waya wa simu ya maandishi chini ya bahari kutoka Aden hadi Unguja, kisha Msumbiji, hadi Durban. Kwa mara ya kwanza, habari ya Unguja iliweza kufika London bila kungoja meli. Waliofaidi walikuwa mabalozi, maofisa wa kikoloni na wafanyabiashara wakubwa, kwani malipo yalihesabiwa kwa neno. Kutoka Unguja waya ule ulielekea kusini kupitia bahari ileile ambayo wavuvi wa Mafia walikuwa wakitega nyavu zao. Ulipita mbele yao, haukuwahusu.

Miaka 130 baadaye, mwaka 2009, mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam, na mwaka 2010 ukafuata wa EASSy. Tulishangilia, tena kwa haki, maana kabla ya hapo tulitegemea setilaiti za gharama kubwa. Mikongo hiyo nayo, ikitoka Dar es Salaam, huelekea kusini hadi Maputo. Kwa mara ya pili, mawasiliano ya dunia yalipita katika bahari ya watu wa visiwani kwenda kuwahudumia wengine.

Katikati ya nyakati hizo mbili ilikuja redio. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, na baada ya uhuru redio ilifika mpaka vijiji ambavyo barabara haikufika. Lakini redio ni chombo cha kusikiliza. Mwananchi aliyetaka kusikika alinunua kadi ya salamu, akaandika majina ya jamaa zake, akaituma kwa posta na kungoja majina hayo yasomwe. Wa rika langu tunakumbuka nyumba nzima ilivyonyamaza pale jina la mjomba lilipotajwa. Nadhani kadi zile zilipendwa kwa sababu zilikuwa mlango mwembamba pekee wa mtu wa kijijini kutuma, baada ya kupokea mchana kutwa.

Simu ya mkononi inaonekana kuwa imeufungua mlango huo. Ukweli ni kwamba imeufungua nusu. Mnara hutangaza kwa nguvu ya makumi ya wati, ilhali simu yako hujibu kwa takribani sehemu ya tano ya wati moja. Kwa hiyo aliye mbali na mnara huweza kutazama filamu ya mwenzake, lakini yake haitoki. Tena mitandao mingi hupangwa ikitarajia kwamba watu watapakua zaidi ya kupakia. Kurusha harusi mubashara ni kupakia mfululizo, bila kupumzika. Picha nzuri huhitaji megabiti 2 hadi 4 kila sekunde, zikitoka kwako kwenda nje.

Kijana mmoja wa kamati ya harusi, fundi simu kwa kazi yake, alilielewa hilo kuliko sisi wenye shahada. Siku moja kabla, saa ileile ambayo ndoa ingefungwa, alizunguka kijiji kizima akipima. Msikitini, kasi ya kutuma haikufika hata nusu megabiti. Ufukweni, upande unaotazamana na mnara wa ng'ambo, alipata megabiti 3. Akashauri ndoa ifungwe ufukweni.

Wazee walikataa. Mmoja wao alimwambia kwa upole, "Mwanangu, babu zako wote wameozeshwa msikitini humu. Mtandao ndio uje kwetu." Wapo waliocheka, lakini mimi niliandika maneno hayo kwenye daftari langu.

Mtandao ulikwenda kwao. Kijana alifunga kifaa cha intaneti juu ya mlingoti ufukweni, akakiwasha kwa betri ya gari, akavuta waya wa mita 80 aliokuja nao kutoka Dar es Salaam mpaka kwenye baraza ya msikiti. Wote uliishia hapo, na kijana alituambia kwamba waya wa aina ile hauaminiki ukizidi mita 100. Nilipomtazama akiufukia mchangani watoto wasijikwae, nilifikiri kwamba baada ya nyaya zote zilizopita baharini, huu ndio niliouona mimi ukivutwa kwa ajili ya kijiji chenyewe.

Asubuhi ya harusi picha ilifika Muscat vizuri. Kisha wageni walijaa, kila mmoja akatoa simu na kuanza kurusha yake. Mnara ni kama kisima kimoja: wakichota wote kwa pamoja, ndoo hutoka na tope. Wakati sheikh anaanza hotuba ya ndoa, picha iliganda. Kijana hakubabaika. Alizima picha akabakiza sauti, maana sauti hutosheka hata na kilobiti 64. Mzee yule aliyekataa ufukwe akasimama na kuomba kila mtu azime data mpaka ndoa ifungwe. Simu zikarudi mifukoni.

Ami yake bibi harusi akatamka maneno ya kuoza, bwana harusi akajibu kwamba amekubali. Nyumba za jirani zilipasuka kwa vigelegele. Sekunde kadhaa baadaye, furaha ikiwa imeshatutangulia, kipaza sauti kidogo kilitoa sauti ya mwanamume akisema "Alhamdulillahi", kisha akilia. Picha safi, iliyorekodiwa pembeni kwenye kadi ya kumbukumbu, ilimfikia baadaye mfukoni mwa msafiri, kama kanda za kaseti za zamani.

Kwa nini nawaletea habari hii wanafunzi wangu, wanaharakati na watumishi wa umma? Tangu Sheria ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ya mwaka 2006, taifa limekiri kwamba soko peke yake halitafikisha mawasiliano kila mahali. Hilo ni jambo la kujivunia. Lakini mafanikio tunayahesabu zaidi kwa watu waliofikiwa na mawimbi. Kufikiwa ni lugha ya redio. Swali ambalo halijapewa uzito wake ni hili: kijiji hiki kinaweza kutuma nini? Mkunga anayetaka kumwonesha daktari wa mbali picha ya mgonjwa, mwanafunzi anayewasilisha kazi yake na raia anayerekodi ubadhirifu wote wanahitaji kutuma. Kasi ya kupakia ipimwe, itangazwe kijiji kwa kijiji, na mwenye kupewa fedha za umma kujenga mnara aulizwe juu yake.

Tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya EASSy na SEACOM ilipopata hitilafu kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, intaneti ilizorota nchini na ofisi za mjini zikahangaika. Tuliita dharura. Wenzetu wa kisiwani wanaiita Jumapili.

Mzee yule alisema mtandao ndio uje kwetu. Sijasoma sera ya mawasiliano iliyolisema jambo hilo kwa ufupi zaidi.